Lulu ya Nyota ya Mzee

Asubuhi hiyo Suzhou iliamka na ukungu mwembamba juu ya mfereji. Muuza mboga alipita na mashua yake chini ya dirisha akinadi kabichi, na Huiniang alikuwa ameketi pale pale anapoketi siku zote, sinia la lulu mapajani, akitenga nyeupe na za maziwa, za duara na zenye kibyongo.

"Dada wa lulu!" muuza mboga alimwita. "Leo unanunua au unanitazama tu?"

"Kabichi yako imezeeka kuliko wewe."

"Basi mpikie dada yako, wamelingana!"

Mzaha ule haukumfurahisha. Alimtupia sarafu zake, akavuta kikapu kwa kamba na kufunga dirisha.

Peilan, dada yake, alikuwa na miaka thelathini na kidogo tu. Ungekutana naye darajani ungempisha kama unavyompisha ajuza. Nywele zilikuwa nyeupe pe, meno ya mbele yamekwenda, na mikono iliyokuwa ikitoboa lulu ndogo kama punje ya mtama sasa ilitetemeka hata kwa kijiko. Hali hiyo ilimwanza mwaka ule mfalme alipoondolewa na wanaume wakakata mikia yao ya nywele, punde tu baada ya kumaliza kazi nyumbani kwa Mzee Bian. Tabibu mmoja alisema damu imekonda, mwingine akasema ini limechoka. Wote walikunywa chai na kwenda zao.

Huiniang alimuuguza bila kunung'unika, na angenung'unika vipi? Mama yao alikata roho akimzaa yeye. Baba alikuwa safarini, mkunga alifika jua limekwisha kupinduka. Peilan, mtoto wa miaka saba, ndiye aliyekuwa chumbani peke yake, akamkata kitovu mdogo wake kwa mkasi wa lulu, na nje akasikia ngoma ya mlinzi ikipiga saa ya Ng'ombe, usiku wa manane. Toka siku hiyo alimbeba mgongoni. Kaa akipikwa, mayai ya kaa yalikuwa ya Huiniang, na Peilan akinyonya miguu.

Na saa ile waliificha. Watu wa Suzhou hawaitaji saa ya kuzaliwa ovyo. Ni shingo ya mtu, ukimpa mwenye nia mbaya umempa pa kukaba. Hutajwa kwa mshenga siku ya posa, basi. Peilan alizidisha tahadhari. Alitangaza kwamba mdogo wake alizaliwa adhuhuri, saa ya Farasi, na hata baba yao alikwenda kaburini akiamini hivyo.

"Tunaijua mimi, wewe na mama," Peilan alikuwa akimnong'oneza akimsuka nywele. "Na mama hasemi."

Asubuhi ile, juu ya bakuli za uji, Peilan aliweka kijiko chini.

"Mzee Bian ameleta salamu. Lulu ya Nyota ya Mzee, kwenye tufe lake, imekufa tena."

Lulu hufa, mwenye kazi anajua. Huanza kufifia, ikawa ya manjano kama jino la mvuta tumbaku, na hakuna sabuni itakayoiamsha. Mafundi wa pale wana dawa moja tu, nayo ni ngozi ya mwanamke. Unachagua lulu nzuri, unaifunga kwenye uzi wa hariri, inavaliwa kifuani usiku na mchana mpaka inywe joto na kung'aa. Wanaita kulisha lulu. Peilan ndiye aliyeilisha ya mara iliyopita.

"Mimi sasa ngozi yangu ni ganda la chungwa," alisema Peilan. "Umebaki wewe."

"Na wewe ulivyorudi ukiwa hivi?"

"Nilirudi na homa, Hui. Homa haikai kwenye lulu." Akacheka, akaufunika mdomo kuficha mapengo. "Au unamwogopa mzee asiyeweza kusimama?"

Siku ya sikukuu ya mwezi, Peilan mwenyewe alimfunga ule uzi shingoni. Alikaza fundo mara mbili. Mikono yake, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, haikutetemeka.

Kabla ya hapo Huiniang alikuwa amekwenda kupima tundu la kuwekea lulu. Nyumba ya Bian ilikuwa nyuma ya bustani iliyoachwa, na kwenye ukumbi wake, juu ya miguu minne ya majoka ya shaba, lilikaa tufe la nyota. Lilikuwa kubwa kama mtungi wa maji. Mbingu yake ilikuwa ya bluu, rangi iliyochomwa motoni ikawa kioo, na kila nyota ni lulu, zimeunganishwa kwa nyuzi za dhahabu, hili gari la mfalme, lile ghala la nafaka, kule lango la kusini. Pete pana ya shaba ililizunguka kiunoni kuonyesha ukingo wa dunia. Babu wa ukoo ule alilitengeneza kwa ajili ya kuhesabu nyakati, na wajukuu wakaliweka kama pambo. Huiniang alilipenda. Aliona aibu kulipenda vile, lakini alilipenda.

Nyota ya Mzee, nyota ya maisha marefu, iko chini kabisa kusini. Ili aifikie ilimbidi achuchumae chini ya ile pete, kichwa kikiwa karibu na sakafu. Alipolizungusha tufe kidogo, kitu kikachacharika ndani yake kama maharage makavu kwenye kibuyu.

"Ni nini hicho, bwana mkubwa?"

"Uzee," alijibu Mzee Bian kutoka kitini. "Kila kikongwe ana kinachogonga ndani."

Alikuwa mnene, mashavu mekundu, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Watu walisema ana miaka themanini. Mama Tu, mpishi wake, alisema hajui. Alipoletwa pale akiwa msichana wa kuosha vyombo, mzee alikuwa vilevile. Mama Tu alimsindikiza Huiniang hadi lango la jikoni, akamtilia vipande viwili vya keki ya wali mfukoni, na midomo yake ikamgusa sikioni.

"Wakikuvisha hiyo lulu, ukiweza kuivua, ivue."

"Kwa nini?"

Mama Tu alikuwa ameshageuka kwenda kupuliza moto.

Huiniang hakuivua. Aliyemfunga alikuwa dada yake.

Vuli ilikwenda. Lulu ilinawiri kifuani kwake, kila asubuhi nyeupe zaidi, na yeye kila asubuhi alichelewa kuamka. Ngazi za mferejini zikaanza kumtoa pumzi. Chakula hakikuwa na ladha. Peilan alimsuka nywele kama zamani, na siku moja mkono wake ukasimama katikati ya kusuka.

"Nini?"

"Unga," Peilan alisema. "Una unga kichwani." Akang'oa unywele mmoja, akauficha ndani ya mkono wa nguo yake.

Ikafika sikukuu ya Usiku Mrefu. Siku hiyo vijana huwapa wakubwa wao viatu vipya, na Huiniang, asiye na mama, kila mwaka alimshonea Peilan. Mwaka huu vilikuwa vya kitambaa cha bluu, na ua la mplamu la uzi mweupe kwenye kila ncha. Ua la kushoto lilipinda, maana macho yalikuwa yakimchoka. Peilan alivivaa pale pale, akavitazama, akalia. Huiniang alidhani ni furaha.

"Nenda upesi," Peilan alisema. "Mvinyo nitauchemsha ukirudi."

Mchana ule mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha. Huiniang alichuchumaa chini ya pete ya shaba. Ile lulu ya zamani ilikuwa imeshang'olewa, tundu jeusi linangoja. Alikata uzi shingoni, akapasha nta, akaibandika lulu yake na kuishikilia kwa kidole. Ilikuwa na joto, na lile joto halikupoa.

Mzee Bian alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyeshushiwa maji ya moto mgongoni.

"Ahsante," alisema. "Ahsante, binti uliyezaliwa saa ya Ng'ombe."

Huiniang hakuondoa kidole. Alisikia mvua.

"Nilizaliwa saa ya Farasi, bwana mkubwa."

"Hayo waambie washenga." Mzee alicheka taratibu. "Lulu hailishwi na anayedanganya saa. Huwa nanong'onezewa ile ya kweli, nami naisema juu ya lulu kabla haijavaliwa. Usiniangalie hivyo, sioni, lakini najua unaniangalia. Mimi sijamwibia mtu maishani mwangu, binti. Mimi huletewa. Saa ya kweli ya mtu anaijua mama. Au dada."

Akanyoosha mkono. Kwenye kiganja palikuwa na kifurushi cha hariri nyekundu.

"Mpe Peilan. Ametimiza neno, na mimi natimiza langu. Aisage, ainywe kwa mvinyo, miaka yake itarudi. Wale wa kabla yake ambao hawakuniletea mtu wa kuwapokea zamu," alielekeza kidevu kwenye tufe, "lulu zao nilizisukuma ndani."

Kikulacho ki nguoni mwako. Huiniang alikuwa ameusikia usemi huo maisha yake yote, na hakuwahi kufikiri kwamba anayemla anaweza kuwa ndiye aliyemshonea hiyo nguo. Hakulia. Aliminya kile kifurushi, na vidole vyake, vilivyokulia kwenye lulu, vikaitambua iliyomo. Ilikuwa ya manjano, baridi, iliyochoka. Alikumbuka mikono ile isiyotetemeka. Alikumbuka unga.

"Bwana mkubwa," alisema, na sauti yake ikawa ya fundi tu, "nta haijashika. Nikaze tena kidogo."

"Kaza, mwanangu."

Alichuchumaa. Chini ya ile pete hakuna anayeona, na mzee yule hakuona popote. Kwa ncha ya kisu alitoa lulu yake. Tundu haliwezi kubaki wazi, mzee angepapasa. Akaweka iliyokuwepo mkononi, ile ya manjano, ya Peilan, akaibana kwa nta. Yake akaifunga ndani ya hariri nyekundu. Alitaka tu kutoka mlango ule na kilicho chake. Kesho, alijiambia, nitarudi na Dada, tutaichukua na yake, naye atanieleza. Lazima kuna maelezo.

Hata wakati ule bado alikuwa akimtafutia dada yake udhuru. Ndivyo moyo ulivyo mjinga.

Nyumbani kulinukia mvinyo wa maua ya osmanto. Peilan alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vipya.

"Amekupa kitu?" aliuliza. Hakuuliza umechoka, hakuuliza umelowa.

Huiniang aliweka kifurushi mezani.

"Alijua saa yangu, Dada."

Peilan alisogeza mkono kwenye kifurushi. Kisha akaanza kunong'ona, haraka haraka, kama mtu anayesali.

"Mwaka mmoja tu, Hui. Nilipiga hesabu yangu. Ungeilisha mwaka mmoja, halafu tungempata mwingine. Mama Tu ana mjukuu, ananiamini, saa yake angenipa. Hujui ilivyo. Nilikuwa nakusikia ukipumua usiku, kijana, mzima, na mimi meno yananitoka kwenye uji. Nilikubeba mgongoni. Nilikupa mayai ya kaa."

"Ningekupa mwenyewe. Ungeniomba."

"Huombi kitu kama hicho," alisema Peilan, na akaifungua hariri.

Lulu iling'aa juu ya meza kama macho ya mtu aliyeamka sasa hivi. Huiniang alifungua kinywa kumwambia. Akakifunga. Alitaka kuona.

Maana Peilan hakuwa mtu wa kudanganywa na lulu. Angeweza kutofautisha mbili za bwawa moja gizani. Aliichukua, akaipitisha kwenye jino lake moja lililobaki, kama wanavyozijaribu wenye kazi. Mkono ukasimama. Aliipima kwa kiganja. Aliinua macho akamtazama mdogo wake, na machoni mwake hapakuwa na swali lolote. Alijua. Alijua si yake, alijua ni ya nani.

Kisha akavuta kinu.

Huiniang hakuinuka. Alimtazama dada yake akitwanga, pole pole, kwa uangalifu, asimwage hata chembe. Akamimina unga ule kwenye mvinyo wa moto. Akanywa. Akapangusa kinu kwa pembe ya aproni, kama alivyozoea.

Jino moja la Huiniang likadondoka kwenye ulimi wake.

Asubuhi kitanda cha Peilan kilikuwa kitupu. Huiniang alifungua dirisha kwa mikono inayotetemeka. Chini, mwanamke kijana mwenye nywele nyeusi alikuwa akipanda mashua ya abiria, kifurushi begani, viatu vya bluu miguuni. Muuza mboga alimpungia.

"Huiniang! Wapi asubuhi yote hii?"

Yule mwanamke akacheka kicheko cha Huiniang. Hakutazama juu.

Muuza mboga ndiye aliyetazama juu. "Shikamoo, Dada Peilan," alisema kwa upole. "Mdogo wako anasafiri na wewe uko hivyo? Pole sana."

Huiniang alitaka kupiga kelele kwamba Huiniang ni yeye. Akajiona kwenye kioo cha dirisha. Akafunga dirisha, na kwa mtaa mzima akawa Peilan kuanzia siku hiyo.

Mzee Bian alikufa usiku uleule, maana lulu iliyochoka haikuwa na cha kumnywesha. Mama Tu alimkuta kitini, mdogo kama mtoto, nguo zimemzidi. Hakuwa na mrithi. Watu walibeba viti na vyungu, lakini tufe hakuna aliyelitaka, kwa sababu ya ule mchacharo. Mama Tu ndiye mtu pekee aliyemwamini Huiniang aliposimulia, naye alimletea lile tufe kwa mashua.

"Lulu ya dada yako bado imo," alisema. "Ing'oe, uitupe au uitunze, lakini isikae pale. Nyumba yenye tufe hili, anayekaa karibu ndiye anayenywa."

"Nitaing'oa."

Jioni alichuchumaa na kisu. Ile lulu ilikuwa bado ya manjano, ila kwenye upande mmoja palikuwa na weupe kidogo, kama ukucha. Aliigusa. Ilikuwa na joto.

Kokote alikokwenda Peilan, alikuwa ameanza kuliwa.

Huiniang aliweka kisu chini. Kesho, alisema.

Kesho ilipofika alisema kesho. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilimpasha moto kuliko makaa. Kila asubuhi alijipindua chini ya pete ya shaba kuangalia, na kila mwezi lulu ilikuwa nyeupe zaidi. Siku moja ngazi hazikumtoa pumzi. Siku nyingine, akichana nywele, aliona weusi kwenye mizizi. Alifikiri juu ya Peilan huko aliko, akiamka na unga kichwani, akijiuliza. Alifikiri juu ya mayai ya kaa. Akalia. Akaokota kisu, akakirudisha kabatini.

Mama Tu hakukemea. Alisema tu, akiangalia zile nywele, "Sasa mnafanana."

Sikukuu ya Usiku Mrefu ilirudi. Huiniang, kwa mazoea ya mikono tu, alikuwa ameshona viatu, kisha akavifumua. Asubuhi aliamka mapema, mwenye nguvu, nywele nyeusi ti, akachuchumaa chini ya tufe.

Tundu lilikuwa tupu. Nta ilikuwa nzima, haijapasuka.

Alitafuta sakafuni. Hapakuwa na kitu. Alilizungusha tufe, likachacharika kama siku zote. Ndipo alipohisi ubaridi, akageuka. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

Kizingitini palikuwa na viatu. Vya bluu. Ua la kushoto limepinda. Vilikuwa vimelowa maji ya mfereji chapachapa, na ngazi zote hadi chini zilikuwa kavu. Aliinama, akatia mkono ndani ya kimoja. Kilikuwa na joto la mguu.

Ncha zake zilielekea ndani ya nyumba.

"Dada?" alinong'ona.

Jikoni, kinu kikaanza kutwanga. Pole pole. Kwa uangalifu.

Muuza mboga alipita saa hiyo. Aliapa baadaye mbele ya mtaa mzima kwamba alisikia kinu, akatania kama kawaida yake: "Mnatwanga nini, wa lulu? Mnipe na mimi nirudi ujanani!" Akasikia mwanamke akicheka, na mwingine akisema kitu kwa sauti ya chini, kama anayeomba. Kisha kinu kikanyamaza.

Mama Tu alifika mchana na keki zake za wali. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya mvinyo wa osmanto, kimoja kimenywewa mpaka tone la mwisho, cha pili, mbele ya kiti cha Huiniang, hakijaguswa, kimeganda utando juu. Kinu kilikuwa kimepanguswa. Nguo za Huiniang zilikuwa pale mbele ya tufe, zimekaa sakafuni kama mtu aliyechuchumaa, mikono imekunjwa, na ndani yake hamna mtu. Aliita, akapanda, akashuka. Nyumba nzima hamkuwa na mtu.

Alipokuwa akitoka ndipo alipoviona vile viatu. Bado vilikuwa kizingitini, vimekauka kabisa. Ncha zake zilielekea nje.